Ukuta Mweupe na Mahali pa Nakshi

Nyumba za kale za Mji Mkongwe wa Bagamoyo hazimpi mpita njia mambo mengi ya kutazama. Katika Mtaa wa India, ukuta mnene wa mawe ya matumbawe unafuatwa na mwingine wa namna hiyo hiyo. Chokaa yake imepauka kwa jua na chumvi ya bahari, madirisha yake ni machache, na chini yake kuna baraza ya mawe isiyo na pambo lolote isipokuwa ulaini uliotokana na miaka mingi ya kukaliwa. Kisha, katikati ya upana huo usio na kitu, unakutana na mlango ambao fundi wake hakuacha sehemu ya kizingiti wala ya miimo bila kuichonga. Kazi yote ambayo ukuta umenyimwa imekusanywa hapo. Nimezitazama nyumba hizi tangu utotoni, na kadiri umri unavyokwenda ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba uzuri wake umesimama juu ya uamuzi mmoja: waliozijenga walijua mahali pa kupamba na mahali pa kuacha.

Naandika juu ya uamuzi huo kwa sababu mazungumzo ya siku hizi kuhusu usanifu wa Kiislamu na mapambo ya ndani ya nyumba huanzia mwisho wake. Picha zinazosambazwa kwenye simu zetu huonyesha kuba zilizojaa dhahabu, taa kubwa za vioo na sakafu za marumaru, na anayezitazama hubaki akijiuliza atapata wapi fedha za kufanya nusu ya hayo. Mimi naona kwamba mtu wa pwani anayetaka kuupenda usanifu huu kwa haki aanze na ukuta mtupu, kwa kuwa huo ndio aliorithi, na akishauelewa ataelewa pia kwa nini nakshi iliyo kando yake inamgusa.

Ukuta huo haukuwa kazi ndogo. Pwani yetu ina mawe ya matumbawe ya aina mbili, na waashi wa zamani walizitofautisha vizuri. Yale ya nchi kavu, yaani miamba ya kale iliyoachwa wazi na bahari, ni magumu, yana matundu na hayakubali kuchongwa kwa uangalifu; hayo yalivunjwavunjwa na kujengewa kwa chokaa na mchanga. Yale yaliyokatwa ndani ya maji yangali mabichi yalikuwa laini, yakachongwa kabla ya kukauka, na hewa ikayafanya kuwa magumu baadaye. Hayo yaliwekwa akiba kwa ajili ya miimo, matao na mihrabu, yaani kile kishubaka cha msikitini kinachoonyesha upande wa kibla. Kwa hiyo hata kabla fundi hajashika patasi, mgawanyo ulikuwa umekwisha kufanyika katika jiwe lenyewe, jiwe la kawaida likienda ukutani na jiwe teule likienda mahali pa heshima. Chokaa nayo ilitokana na matumbawe hayo hayo, yaliyopangwa juu ya rundo kubwa la magogo na kuchomwa, kisha yakazimwa kwa maji na kuachwa yatulie kwa muda mrefu kabla ya kutumika. Jiwe la ukuta, udongo mweupe ulioliunganisha, lipu iliyolifunika na rangi iliyopakwa juu ya lipu vyote vilitoka katika kitu kimoja. Sijui nyumba ya leo inayoweza kudai umoja wa namna hiyo.

Dari ndiyo iliyoamua ukubwa wa vyumba. Boriti za mikoko hazivuki upana wa mita 3 hivi bila kupinda kwa uzito wa mawe na chokaa vilivyomiminwa juu yake, na ndiyo maana vyumba vya nyumba za mawe, kuanzia Lamu hadi Kilwa, ni virefu na vyembamba. Boriti hizo hizo, nyingi zikikatwa katika delta ya Rufiji, zilipakiwa majahazini na kupelekwa Uarabuni na Ghuba ya Uajemi, ambako miti mirefu ya kujengea ni adimu. Vyumba vingi vya kale vya huko vina upana unaolingana na wetu kwa sababu vilibebwa na miti ya kwetu. Watu husema mara nyingi kwamba sisi tulipokea usanifu kutoka ng'ambo, na ni kweli tulipokea mengi, lakini jambo hili la boriti linastahili kutajwa kila mara kauli hiyo inapotolewa.

Sasa turudi mlangoni. Mlango wa pwani una sehemu zake na kila sehemu ina kiwango chake cha pambo. Kizingiti cha juu hubeba nakshi nzito kuliko zote, na katika milango mingi ndicho kinachobeba maandishi ya Kiarabu, yawe aya ya Kurani, dua au mwaka wa Hijria ambao kazi ilikamilika. Miimo huanzia chini kwa samaki au mawimbi, na kutoka hapo mmea hupanda kwa majani na maua mpaka ukutane na kizingiti. Ukingo wa nje mara nyingi huzungushiwa mnyororo. Mfaa, ule mti uliosimama katikati na kufunika mwanya wa mbao mbili, huchongwa kwa uangalifu kama miimo, ilhali mbao zenyewe huachwa karibu tupu, au hupigiliwa vichwa vya misumari ya shaba kwa safu zilizopimwa. Hata ndani ya mlango, basi, kanuni ile ile inafanya kazi: fremu imejaa, mbao zimetulia. Milango yenye kizingiti kilichonyooka inafuata mtindo wa zamani zaidi. Ile yenye tao juu ilienea katika karne ya 19, hasa Unguja wakati wa Sultani Seyyid Barghash aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, nayo inabeba mkono wa mafundi wa Kihindi. Bagamoyo, iliyokuwa ikitazamana na Unguja kwa biashara na utawala, ilipokea aina zote mbili.

Kwa nini nakshi iwekwe hapo? Mlango ndio mpaka kati ya njia, ambayo ni ya kila mtu, na nyumba, ambayo ni ya wenyewe. Mgeni hupiga hodi akiwa amesimama mbele yake, akasubiri, na katika kusubiri huko macho yake yanahitaji mahali pa kutua pasipo kuchungulia ndani. Mlango uliochongwa humpa heshima yake, ukimweleza mwenye nyumba ni nani na anamwamini nani, wakati watu wa ndani wanapata nafasi ya kujiweka sawa. Ninaamini adabu hii ndiyo iliyopanga usanifu, si utajiri peke yake, maana tajiri aliyetaka kujionyesha tu angeweza kuupamba ukuta mzima wa mbele.

Ukiingia, mpango wa ndani unaendeleza hoja hiyo hiyo. Nyumba nyingi za Bagamoyo za karne ya 19 zilijengwa na wafanyabiashara, na sehemu ya mbele ilikuwa duka au ghala, kwa hiyo mpango wake umechanganyika. Nyumba za mawe za Lamu zimeuhifadhi mpango wa zamani kwa ukamilifu zaidi, nami huzitumia kama ufunguo wa kuzielewa za kwetu. Mtu akitoka njiani huingia dakani, yaani kwenye ukumbi wa mlangoni, akapita tekani, kijia cha ndani yake, akageuka kabla ya kufika kiwandani, yaani uani, ili aliye nje asione ndani hata mlango ukiwa wazi. Kiwanda hakina paa, na nuru yote ya nyumba inatoka hapo. Kutoka kiwandani vyumba hufuatana kwa kina, kwanza ukumbi mrefu uitwao msana na mwisho chumba kiitwacho ndani, na kadiri unavyosonga ndivyo mwanga unavyopungua na faragha inavyoongezeka. Huko mwisho, katika chumba ambacho mgeni wa kawaida hakifiki, ndiko uliko ukuta wa zidaka.

Ningependa kukaa kidogo kwenye zidaka, kwa sababu sijui pambo lingine la ndani ya nyumba lililofikiriwa vizuri kuliko hilo. Ni vishubaka vilivyopangwa safu juu ya safu, vimeumbwa kwa lipu ya chokaa na kuchongwa kingo zake, vyote vyeupe juu ya ukuta mweupe. Hakuna rangi. Nakshi yake yote imetengenezwa kwa kivuli: ukingo uliochongwa hushika nuru hafifu inayofika kutoka kiwandani, na tumbo la kidaka hubaki na giza, hivyo chumba chembamba huonekana kuwa na kina ambacho hakina. Ndani yake waliweka sahani na bakuli za kaure, misahafu, vitu vya thamani ya nyumba. Pambo na kabati ni kitu kimoja. Mbele ya ukuta huo palitandikwa mkeka au busati, kikawekwa kitanda cha besera, marfaa ya kusomea, chetezo cha udi, na si zaidi ya hapo. Chooni palikuwa na birika la maji, na katika nyumba za Lamu waliweka samaki wadogo ndani ya birika ili wale viluwiluwi vya mbu, wakazamisha bakuli ya kaure kwenye sakafu ya birika ili samaki wapate pa kujihifadhi maji yanapopungua. Jambo hili hunifurahisha sana kila ninapolikumbuka: bakuli iliyotoka China ikawa nzuri na ikawa na kazi, mahali ambapo ni wenye nyumba tu watakapoiona.

Uamuzi huu haukuanza na nyumba za wafanyabiashara. Kilomita 5 hivi kusini mwa Bagamoyo yapo magofu ya Kaole, mji uliokuwa hai kati ya karne ya 13 na ya 16, ukiwa na misikiti miwili na makaburi ya mawe, ambao mwanaakiolojia Neville Chittick aliuchunguza mwaka 1958. Msikiti wa zamani zaidi hauna paa tena, lakini ukisimama ndani yake kanuni inasomeka wazi. Kuta za pembeni hazina kitu. Ukuta wa kaskazini ndio wenye mihrabu, na jiwe lililochongwa limewekwa hapo. Bagamoyo na Makka ziko karibu kwenye mstari mmoja wa kusini na kaskazini, kwa hiyo kibla yetu ni kaskazini, na katika misikiti ya kale ya pwani mihrabu hutokeza nje ya ukuta huo hata mtu aliye nyuma ya msikiti akatambua mwelekeo wa swala. Shimo la mihrabu lina kazi ya sauti pia: imamu anaposoma akiwa ameelekea kibla, uvungu wake hurudisha sauti kwenye safu zilizo nyuma yake. Pambo limewekwa mahali ambapo macho, sauti na nia vinakutana.

Msikiti wa Kizimkazi, Unguja, unaonyesha jambo hilo kwa uzuri wa juu zaidi. Sehemu kubwa ya jengo lake ilijengwa upya katika karne ya 18, lakini ukuta wa kibla una maandishi ya Kikufi, mtindo wa kale wa herufi za Kiarabu, yaliyochongwa katika jiwe la matumbawe, yenye mwaka wa 500 Hijria, sawa na 1107 Miladia. Herufi zimesukwa kwa majani na mafundo hata asiyejua kusoma atazifuata kwa macho, na hazikumwagwa kwenye kuta zote bali zimezunguka mihrabu na ukuta wake.

Makaburi ya Kaole nayo yanastahili kutazamwa kwa subira. Makaburi yenye nguzo ni ubunifu wa pwani ya Afrika Mashariki. Huyakuti hivyo Uarabuni wala Uajemi. Nguzo husimama upande wa kichwa, nyembamba na ndefu, na waliojenga walipachika humo bakuli za kaure, moja hapa na moja pale. Tongoni, kusini mwa Tanga, ambako makaburi ni mengi zaidi, nguzo karibu zote zimeanguka, lakini mapaneli yaliyokatwa kwenye kuta za makaburi bado yanaonyesha jinsi walivyopima nafasi tupu kati ya pambo na pambo. Bakuli moja ya kijani kibichi juu ya nguzo nyeupe ilitosha. Nikitafakari bei ya bakuli hiyo na safari iliyosafiri, naona ni watu waliojiamini sana.

Msomaji anaweza kusema kwamba haya ni mambo ya pwani maskini, iliyopamba kidogo kwa sababu ilikuwa na kidogo. Mimi sikubali, na sababu zangu ziko mbali na hapa. Msikiti Mkuu wa Cordoba, Hispania, ulioanza kujengwa mwaka 785 una mamia ya nguzo na matao ya rangi mbili yanayojirudia bila haraka, na ni pale tu unapoikaribia mihrabu, iliyojengwa zama za khalifa al-Hakam wa Pili katika karne ya 10, ndipo dhahabu na vioo vya rangi vinapotokea. Alhambra, ngome ya kifalme ya Granada huko huko Hispania, ambayo picha zake ndizo zinazosambazwa zaidi, kwa nje ni kuta za udongo mwekundu zisizo na pambo. Nakshi zake nyingi, pamoja na maneno "wala ghaliba illa Allah", yaani hakuna mshindi ila Mungu, yanayorudiwa ukutani, zimefichwa ndani. Sinan, msanifu mkuu wa dola ya Uthmaniya ambaye hakukosa fedha wala mafundi, alipoukamilisha msikiti wa Süleymaniye huko Istanbul mwaka 1557 aliviweka vigae vya rangi vya mji wa Iznik kwenye ukuta wa kibla na kuliachia jiwe tupu eneo kubwa lililobaki. Kilwa, wakati msafiri Ibn Battuta alipofika mwaka 1331, ilikuwa miongoni mwa miji tajiri ya bahari hii, na jumba lake la Husuni Kubwa lilikuwa na birika la pembe nane. Hata hivyo mihrabu na kuba ndizo zilizopewa nakshi katika Msikiti Mkuu wake.

Iko njia nyingine pia, nami siidharau. Isfahan, huko Uajemi, ilifunika misikiti yake kwa vigae vya buluu kutoka chini mpaka kileleni, na msikiti wa Sheikh Lotfollah, uliokamilika mwaka 1619, hauna ukuta mtupu wa kuuzungumzia. Lakini Isfahan ni mji wa uwanda mkavu, wenye vumbi na matofali ya udongo, na buluu ile inaleta maji mahali ambapo maji ni machache. Sisi tuna bahari mbele ya mlango na miti pande zote. Macho yetu yakiingia ndani yanahitaji kupumzika. Kila nchi imepamba kulingana na kile ambacho nchi yenyewe haikuwa nacho.

Hapo ndipo ninapopata uchungu ninapoona tunavyojenga sasa. Katika msikiti mmoja wa mtaani ninaoufahamu, waumini walichanga kwa moyo safi, wakabandua lipu ya chokaa, wakaweka vigae vyenye maua yaliyochapwa kutoka sakafuni mpaka darini, kuta zote nne, na mihrabu ikavikwa kigae kile kile. Madirisha ya mbao yakaondolewa, yakaja ya aluminiamu yasiyofunguka zaidi ya nusu, na kwa sababu hiyo feni haziwezi kuzimwa hata wakati wa Alfajiri. Sadaka yao Mungu ataipokea, na zulia jipya lenye mistari ya safu ni jambo la manufaa ambalo nisingependa liondolewe. Lakini ukiingia humo macho hayajui yaelekee wapi, kwa kuwa kila upande umepambwa sawa na kibla. Mzee mmoja mwashi, tuliyekuwa tumekaa naye barazani baada ya swala, aliniambia, "Mwanangu, zamani hatukuwa tukipamba ukuta wa mgongoni." Sikuwahi kusikia kanuni nzima ikielezwa kwa maneno machache kiasi hicho.

Sebuleni mambo ni yale yale. Dari ya jipsamu yenye ngazi tatu na taa za rangi, karatasi ya ukutani yenye nakshi za Kimoroko, fremu za aya zilizonunuliwa kwa pamoja na kutundikwa pande zote, mapazia mazito yanayozuia upepo wa bahari ambao babu zetu waliupangia nyumba nzima. Mtu akiniomba ushauri, na baadhi ya jamaa huniomba, humwambia achague ukuta mmoja tu, ule ambao mgeni akikaa atautazama, auwekee kazi moja ya mkono: aya moja iliyoandikwa na mwandishi wa khati, au rafu ya vishubaka iliyofinyangwa na fundi wa hapa. Kuta nyingine azipake nyeupe. Fedha zinazobaki azitumie kwenye dirisha zuri la mbao lenye vipande vya kuinamisha, kwa sababu nuru iliyochujwa ni pambo linalobadilika kutwa nzima.

Kuhusu nyumba za kale zenyewe, Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964 inaitaja milango na fremu zilizochongwa kabla ya 1940 miongoni mwa vitu vinavyolindwa, na ni vizuri kila mwenye nyumba ajue hivyo kabla hajaja mnunuzi kutoka hotelini. Lakini fremu hiyo imeshikwa na ukuta, na ukuta wa matumbawe hunyonya unyevu kutoka ardhini na kuutoa kupitia chokaa. Ukiupiga lipu ya saruji, unyevu na chumvi hukosa pa kutokea. Saruji hutokeza matumbo na kubanduka pamoja na uso wa jiwe, na maji yanayotafuta njia huishia kwenye mbao, yaani kwenye miimo na ncha za boriti. Wanaotaka kuhifadhi mlango, kwa hiyo, waanze kwa kuiondoa saruji taratibu wakati wa kipupwe, wauache ukuta ukauke, kisha wapige chokaa iliyozimwa na kutulia pamoja na mchanga safi usio na chumvi, kwa matabaka membamba, kila tabaka likinyunyiziwa maji na kukingwa na jua kwa magunia mabichi mpaka lishike.